Mwizi wa Daraja la Mbwego

Nchi yenyewe siitaji jina, kwa sababu wenyewe wana hasira za karibu. Ninachoweza kusema ni kwamba ilikuwa na bahati kuliko nchi zote jirani. Hao jirani walijenga barabara kwa kokoto na lami, wakatoka jasho, na baada ya mvua mbili tu zikaota mashimo. Kule barabara zilijengwa kwa hotuba, na barabara ya hotuba haijawahi kupata shimo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Waziri wa Njia na Mwelekeo, Mheshimiwa Dakta Erasto Tarimbo, alifika mahali akakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kina mama wa kikundi wako juani wanacheza tangu saa mbili. Aliweka jiwe la msingi, akakata utepe, akala, akaondoka. Jioni ile ile ofisi ya ramani ilichora barabara nzima, na vituo vyake vya mafuta, na miti kandokando. Kumsubiri mkandarasi ilhali Mheshimiwa ameshasema ingekuwa dharau, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza ofisini kumdharau.

Ramani hiyo ikafungwa ndani ya kila gari. Gari halikuruhusiwa kutembea bila Kielekezi cha Taifa, kidude cha kioo kilichokazwa katikati ya dashibodi kwa skrubu sita ambazo bisibisi yake alikuwa nayo fundi wa serikali peke yake. Kielekezi kilisema kwa sauti ya Tarimbo mwenyewe. Alijifungia studio wiki mbili nzima kuirekodi, akitafuna tangawizi. "Ndugu mwananchi, baada ya mita mia tatu pinda kulia. Tunasonga mbele." Ilikuwa sauti nzito, iliyoshiba, na hata ukijikuta katikati ya shamba la mpunga haikukubali kwamba umepotea. Ilikohoa kidogo, ikasema tunasonga mbele.

Halafu ikaja Sheria ya Utii wa Njia. Kifungu cha nne kilisema dereva anayekataa maelekezo amebishana na ramani, na anayebishana na ramani amebishana na serikali, kifungo miaka thelathini. Basi watu wakatii. Maharusi wa mjini waliongozwa hadi machinjioni, kwa kuwa Kielekezi kilisema pale ni kanisa. Padri, aliyeletwa na gari jingine, alifika palepale, akaona mkono wa Mungu, akawafungisha ndoa katikati ya ng'ombe waliokuwa wakisubiri zamu. Ndoa hiyo ipo mpaka leo na ina watoto watatu.

Madereva wenye akili walikuwa na ujanja wao. Walikifunika Kielekezi kwa taulo, wakaendesha kwa macho, na wakisimamishwa na askari walisema wamekifunika kisipate vumbi. Askari naye alikuwa na taulo kwenye gari lake, kwa hiyo hawakusumbuana. Taulo lilimfaa mtu anayeijua njia. Asiyeijua hakuwa na wa kumsikiliza ila Mheshimiwa wa kwenye dashibodi.

*

Mkude Salehe alikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini, na mkewe Sikitu alikuwa dereva wa boza la maji la halmashauri. Nyumbani kwao ugomvi ulikuwa mmoja tu, nani kati yao anabadilisha gia kistaarabu zaidi. Mkude alisema mkewe anaziburuza. Sikitu alisema mumewe anazibembeleza kana kwamba ataziposa. Walikuwa na mzaha huo hata mezani, mbele ya Bi Nyamizi, mama yake Mkude, aliyeishi nao na aliyewaona wote wawili hawana akili.

Siku moja ya masika Mkude alipakia magodoro mia mbili ya hospitali iliyo ng'ambo ya mto Mbwego. Njia ile hakuwahi kuipita. Daraja la Mbwego lilikuwa limefunguliwa na Tarimbo miaka mitatu nyuma: utepe ulifungwa kwenye miti miwili ukingoni, Mheshimiwa akaukata, akapiga hatua mbili juu ya zulia jekundu, akageuka, watu wakapiga makofi, pilau ikaliwa. Tangu jioni ile ramani ilionyesha daraja la zege la mita mia moja na arobaini, lenye taa pande zote mbili.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na barabara inateremka kwa kona kali kabla ya mto. Kielekezi kilisema, "Ndugu mwananchi, uko darajani. Tunasonga mbele." Mkude akasonga mbele. Magodoro yalielea siku tatu, na vijiji vyote vya chini ya mto vililala vizuri mwaka ule. Mkude mwenyewe alipatikana siku ya nne.

Sikitu aliitwa polisi. Alijifunga kanga nyeusi akaenda, akidhani anaitwa kupewa pole. Mkuu wa upelelezi alimpa pole kweli, akampa na kiti, kisha akafungua jalada.

"Sasa tuelewane, mama. Ramani inaonyesha daraja. Kielekezi cha lori kinashuhudia kwamba marehemu alikuwa darajani saa moja na dakika kumi asubuhi. Askari wangu wamefika pale saa nne, hawakukuta daraja. Mtu wa mwisho kuonekana nalo ni mumeo."

"Afande, daraja halikuwahi kujengwa pale."

Afande aliinuka akafunga dirisha. "Hilo sikulisikia. Nimekusamehe kwa sababu ya msiba."

Kesho yake walikuja askari sita na hati ya upekuzi iliyoandikwa kwa mkono mzuri: daraja moja, la zege, mita mia moja na arobaini. Waliinua godoro la kitandani, wakamulika tochi mvunguni, wakachungulia mtungi, wakawatoa kuku bandani mmoja mmoja. Bi Nyamizi, aliyekuwa ameketi mkekani na msiba wake, aliwauliza kama wameshaangalia kwenye kopo la sukari. Wakaenda wakaliangalia.

Mahakama haikuchukua muda. Marehemu hakujitetea, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa amekiri. Redio ya taifa ilisoma hukumu baada ya taarifa ya hali ya hewa: Mkude Salehe, mwizi wa daraja.

Ikafika arobaini. Sikitu na mama mkwe wake walipika wali wa watu themanini, kwa sababu Mkude alikuwa mwanachama mwaminifu wa chama cha kuzikana cha mtaa na hakuwahi kukosa msiba wa mtu. Walikuja wanne. Katibu wa chama alituma ujumbe kwamba katiba yao haimruhusu mwanachama kumwomboleza mwizi wa mali ya umma, na wao roho zinawauma sana, ila katiba ni katiba. Bi Nyamizi alikaa mlangoni hadi alasiri akitazama njia, akihesabu wanaopita bila kuingia.

Wiki iliyofuata Tarimbo alifanya mkutano wa kusikiliza kero za wananchi. Sikitu alisimama kwenye foleni tangu alfajiri, akafikiwa, akasema kero yake kwa adabu: anaomba Mheshimiwa, aliyekuwepo siku ya utepe, aseme kama aliona daraja au hakuliona. Tarimbo alivua miwani.

"Mama, mimi nimelivuka lile daraja kwa miguu yangu hii. Nyie mmelipeleka wapi?"

Akacheka, na turubai zima likacheka naye, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa kwenye ukingo wa mto ule na walikuwa wakivuka kwa mtumbwi kila siku. Sikitu alirudi nyumbani. Hakulia. Aliapa kwamba mtu yule atasema kwa mdomo wake mwenyewe, nchi nzima ikisikia, kwamba Mbwego hapana daraja na Mkude hakuiba kitu. Na kama kusema kutamuuma, Sikitu alitaka kumuume taratibu.

*

Silaha aliyoichagua ilikuwa utii. Alitoa taulo kwenye Kielekezi cha boza lake, akalifua, akalianika, na hakulirudisha tena.

Asubuhi ya kwanza Kielekezi kilimwambia apeleke maji Hospitali ya Rufaa ya Tarimbo. Zamani madereva wote walijua maana yake ni zahanati ya mjini, na walikwenda zahanati. Sikitu alikwenda kilikomwambia. Alifika kwenye mbuga tupu yenye jiwe la msingi na mbuzi wawili, akafungua koki, akamwaga lita elfu kumi kwenye nyasi, akaandika kwenye kitabu cha boza: yamepokelewa. Akafanya hivyo kesho, na kesho kutwa, na miezi sita mfululizo. Nyasi za pale zikawa hazina mfano. Wafugaji walianza kumwombea dua bila kujua ni nani.

Zahanati ikalalamika. Ofisa maji wa halmashauri alimwita Sikitu ofisini, akafunga mlango, akamwuliza kwa nini haleti maji.

"Nimepeleka Hospitali ya Rufaa, bosi. Au bosi anasema hakuna hospitali?"

Ofisa alitazama dari, akatazama picha ya Tarimbo ukutani, akachukua kalamu akamwandikia barua ya pongezi.

Mara nyingine Kielekezi kilimwingiza kwenye mzunguko ambao ofisi ya ramani ilisahau kuuchorea njia ya kutokea. Aliuzunguka tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, mafuta yalipokwisha, na nyuma yake kulikuwa na magari kumi na saba yaliyoogopa kuonekana yanamkwepa mtiifu. Gazeti la serikali lilitoa picha yake ukurasa wa mbele. Lilisema raia kama huyu ndiye msingi wa taifa, na kwamba wanaofika waendako wajiulize wamefikaje.

Mwisho wa mwaka akatangazwa Dereva Mtiifu wa Taifa. Tarimbo mwenyewe alimvisha medali, akiwa amekaribiana naye uso kwa uso kiasi cha kusikia harufu ya tangawizi. Hakumkumbuka hata kidogo. Alimwambia hongera, mama, uso wako unaonyesha moyo safi. Sikitu alishukuru kwa kupiga goti. Lile la kusahauliwa lilimchoma kuliko kicheko cha kwenye turubai, na alilihifadhi pamoja na mengine.

Zawadi ya medali ilikuwa heshima ya kumwendesha Waziri siku nzima ya ziara, safari ikionyeshwa mubashara na televisheni ya taifa. Mwaka ule ziara ilikuwa ng'ambo ya Mbwego, ambako Tarimbo alikuwa anakwenda kuweka jiwe la msingi la uwanja wa ndege.

Aliyemkabidhi funguo alikuwa Mzee Kandoro, dereva wa Waziri kwa miaka kumi na minane. Gari lilikuwa jeusi, kubwa, linang'aa, na juu ya Kielekezi chake kilitandikwa kitambaa cha kufuma chenye mashada, mfano wa vile vinavyowekwa juu ya redio sebuleni. Mzee Kandoro alimvuta kando.

"Binti, nikuambie siri ya kazi. Ukifika njia panda ya Kwambuli, kata kushoto. Kuna pantoni kule. Usisikilize mtu, kata kushoto."

"Kielekezi kinasemaje, mzee?"

"Achana na Kielekezi. Na kitambaa hicho usikitoe. Mheshimiwa sauti ile inamtia kichefuchefu."

Sikitu alimshukuru sana, akakunja kitambaa vizuri akakitia kwenye mkoba wake.

*

Msafara ulitoka saa tatu asubuhi, jua zuri, king'ora mbele. Kwenye kiti cha mbele kando ya Sikitu aliketi Pendaeli, mtangazaji wa televisheni, na kamera yake begani. Tarimbo alikaa nyuma peke yake, amevaa suti ya rangi ya maziwa, akizungumza na taifa.

"Wapo wanaosema sisi viongozi hatufuati ramani yetu," alisema. "Leo taifa lishuhudie. Gari hili halitapinda hata mara moja bila kuelekezwa. Mimi na ramani ni kitu kimoja. Atakayesema ramani ina kosa, atafute nchi yake nyingine."

"Maneno mazito, Mheshimiwa," alisema Pendaeli.

"Nayatoa moyoni."

Walifika njia panda ya Kwambuli. Magari yote ya msafara, yale ya mbele na yale ya nyuma, king'ora na wote, yalikata kushoto kuelekea pantoni, kwa kuwa Vielekezi vyao vyote vilikuwa vimefunikwa taulo. Gari jeusi likaenda moja kwa moja peke yake. Tarimbo alikuwa anazungumzia ubunifu na hakuona. Alinyamaza pale aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema kutoka kwenye dashibodi kwamba kilomita mbili mbele ni Daraja la Mbwego.

"Dereva," alisema, "tungepitia kule kwenye pantoni. Kuna upepo mzuri."

"Kielekezi hakina pantoni, Mheshimiwa."

"Najua. Lakini leo nina hamu ya kuona mto."

"Mto tutauona, Mheshimiwa. Daraja linapita juu yake."

Tarimbo alitazama kamera, akatabasamu. Aliinama mbele akashusha sauti. "Mama, geuza gari. Nakuamuru."

"Kifungu cha nne, Mheshimiwa. Anayemwamuru dereva aache njia naye amebishana na ramani. Ni wewe uliyekiandika."

Mti mmoja ulipita, na wa pili. Sikitu aliongeza gia, akaiburuza kidogo kama kawaida yake. Alikuwa mtulivu sana, na raha ilikuwa inampanda polepole kutoka miguuni.

"Kule mbele si kuzuri," alisema Tarimbo.

"Kuna nini, Mheshimiwa?"

"Kuna ukungu."

"Jua limetoka tangu asubuhi."

"Basi kuna matengenezo. Nimekumbuka, kuna matengenezo."

"Ramani haionyeshi matengenezo. Taa zote zinawaka pande mbili, tazama mwenyewe."

Akainua mkono akamwonyesha kioo, na kweli pale daraja lilikuwa limechorwa vizuri, jeupe, taa zake nukta za njano. Tarimbo alijaribu mlango. Ulikuwa umefungwa kutoka mbele, kwa usalama wa viongozi. Kona kali ikaanza kuteremka, na nyasi ndefu za ukingoni zikaonekana chini.

"Ndugu mwananchi," kilisema Kielekezi, "mita mia nne mbele ni Daraja la Mbwego. Tunasonga mbele."

"Simama, mama. Hakuna daraja."

"Injini inanguruma, Mheshimiwa. Sikusikia."

"Hakuna daraja. Halipo."

"Limekwenda wapi? Si ulilivuka kwa miguu?"

"Nilipiga hatua mbili kwenye zulia. Halikujengwa. Hakuna hata nguzo moja mle, ni maji tu. Nakuomba simama, nina watoto."

"Ndugu mwananchi, uko darajani," kilisema Kielekezi, na Sikitu akakanyaga breki.

Gari liliteleza kwenye matope, likakaa upande, magurudumu ya mbele yakasimama ukingoni kabisa. Bonge la udongo lilimeguka likadondoka majini. Pendaeli alikuwa amefumba macho, lakini kamera alikuwa bado ameielekeza nyuma, kazi ni kazi. Tarimbo alikuwa amekumbatia kiti cha mbele, na suti ya rangi ya maziwa ilikuwa imelowa sehemu ambayo televisheni ya taifa haikuwahi kuonyesha.

Sikitu hakugeuka. Aliweka mguu juu ya klachi. "Sasa taja na jina la aliyekufa hapa."

"Alikufa nani?"

Sikitu aliachia klachi kidogo, gari likatikisika mbele kwa unene wa kidole.

"Mkude Salehe," alisema Sikitu. "Alikuwa mume wangu. Alikuwa anabembeleza gia. Sema."

"Mkude Salehe," alisema Tarimbo huku analia, "hakuiba daraja. Hapakuwa na daraja la kuiba."

Bi Nyamizi alikuwa dukani kwa jirani, mbele ya televisheni. Waliokuwa pale wanasema alimwomba muuza duka aongeze sauti, na ilikuwa tayari juu kabisa.

*

Serikali ilikaa siku tatu mfululizo bila kutoka. Tatizo lilikuwa kubwa. Nchi nzima imeona, na nchi nzima haiwezi kuambiwa haikuona, ingawa njia hiyo nayo ilijadiliwa na kupigiwa kura. Ramani haiwezi kukosea. Kwa hiyo aliyekosea ni Tarimbo, na kilichobaki ni kujua kakosea nini.

Wakamfungulia mashtaka mawili. La kwanza, kubishana na ramani, miaka thelathini. La pili lilimshangaza mwenyewe: wizi wa daraja, miaka saba. Mwendesha mashtaka alilieleza vizuri mbele ya hakimu. Mshtakiwa alijua daraja halipo akiwa bado mita mia nne, kabla macho ya binadamu hayajaweza kuona. Mtu mwaminifu angelikosa daraja baada ya kufika. Anayelikosa mapema ni yule anayejua liliko.

Wakili wake alimnong'oneza kwa muda mrefu. Alimwambia, Mheshimiwa, ukisema halikujengwa umebishana na ramani, ni thelathini. Ukisema umeiba, basi lilikuwepo, ramani iko sahihi, serikali inafurahi, ni saba. Tarimbo alisimama kizimbani, akasafisha koo.

"Nakiri," alisema. "Lile daraja nililiiba mimi."

Mjini watu walitazamana. Nyumba yake ya mlimani walikuwa wanaiona kila siku, yenye nguzo nane za zege ambazo kila moja ingebeba treni. Kwa mara ya pili katika utumishi wake mrefu mtu yule alisema kweli, na safari hii aliisema akidhani anadanganya.

Na kwa kuwa daraja moja haliwezi kuibwa mara mbili, hakimu alimfuta Mkude kwenye daftari la wezi. Redio ikasoma baada ya hali ya hewa. Jumamosi yake chama cha kuzikana kilifika kwa Sikitu watu themanini na tatu, na mikeka yao, na katibu mbele, akisema wameona vyema arobaini irudiwe. Bi Nyamizi aliwaambia waingie uani. Sikitu aliwaacha juani kwanza mpaka wali uive, na aliupika kwa moto mdogo sana.

*

Hakimu alipofungua ramani kutafuta gereza lenye nafasi, alilikuta moja tu: Gereza la Kisasa la Mkangazi, vyumba mia tisa, ukuta wa mita sita, lililowekewa jiwe la msingi na mfungwa mwenyewe. Halikuwa na hata mfungwa mmoja. Karandinga lilihitaji dereva ambaye hatapotea, na nchi ilikuwa na mmoja mwenye medali.

Waliondoka asubuhi: Sikitu kwenye usukani, askari magereza mmoja na daftari lake, na Tarimbo nyuma ya nondo. Walikwenda saa nne. Njia nzima sauti ya dashibodi ilimwongoza mfungwa kwenda jela, kulia, kushoto, tunasonga mbele, na mfungwa alikuwa ameziba masikio. Mwishowe ikasema, "Ndugu mwananchi, umefika. Karibu."

Sikitu alifungua mlango wa nyuma. Palikuwa na nyanda za nyasi mpaka mwisho wa macho, jiwe moja jeupe lenye jina, na kichuguu.

Tarimbo aliangalia huku na huku. "Bi Sikitu, hapa hakuna gereza."

Askari magereza aliinua kalamu. "Mfungwa anasema ramani ina kosa?"

Tarimbo alifikiria miaka thelathini. Ilionekana usoni akiihesabu mmoja mmoja.

"Hapana, afande," alisema. "Nilikuwa sijalitazama vizuri. Naliona. Ni zuri."

"Lango liko wapi?" aliuliza Sikitu.

Akanyoosha kidole mahali fulani kwenye nyasi.

"Ingia, basi."

Akashuka, akaenda pale alipopaonyesha, akainamisha kichwa kidogo ili asigonge, akaingia. Askari aliangalia kwenye kioo cha Kielekezi, akampeleka chumba namba tisa, hatua tatu kwa nne, akamwonyesha kuta zote zilipo. Akamsomea kanuni: anayetoka nje ya ukuta ametoroka, na anayetoroka anaongezewa kumi na tano. Kisha akaandika kwamba mfungwa amepokelewa akiwa na afya njema.

"Nitakula nini?" aliuliza Tarimbo.

"Jiko liko jengo la pili," alisema Sikitu. "Kwa mujibu wa ramani."

Wachungaji wawili waliokuwa karibu na ng'ombe wao walikuja na kibuyu cha maziwa, wakauliza kama wanaruhusiwa kumpa yule mzee aliyesimama juani. Tarimbo alimtazama askari, akamtazama Sikitu, akameza mate. Aliwajibu mwenyewe kwamba siku ya kutembelea wafungwa ni Jumapili, na wapitie langoni.

Sikitu alirudi kwenye usukani. Alifurahi, alifurahi sana, na hakuona haya wala hakumtafutia mtu yule huruma mahali popote moyoni mwake. Aliwasha karandinga, akaingiza gia ya kwanza polepole, kwa kubembeleza. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Tarimbo akipiga hatua moja, mbili, tatu, akinyoosha mkono kuupapasa ukuta, kisha akigeuka.